Nimelazwa Wodini kwa Mkwe Wangu

Ijumaa, 3 Aprili

Mwanangu ameniletea daftari na kalamu. Amesema, "Mama, ukiandika hutawachosha wagonjwa wenzako kwa maneno." Huyo nimemzaa mwenyewe, sikumwokota.

Haya, niandike. Jana jioni mvua ya kwanza ilishuka bila hodi. Nikatoka mbio kuanua nguo, kibaraza kilikuwa kimelowa, mguu ukaenda zake na mimi nikaenda zangu. Nikasikia nyonga imesema "ta!" kama ukuni mkavu. Majirani wakanibeba. Daktari wa mifupa akaitazama picha akasema mfupa umekatika, kesho wataufunga kwa chuma. Hilo nililimeza. Lililonikwama kooni ni jingine: hospitali hii ina wodi moja tu ya mifupa ya wanawake, na sista mkuu wa wodi hiyo ni mke wa mwanangu.

Mimi na mkwe wangu ni watu wa salamu. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki nyingi hayupo, kwa hiyo tunabaki wawili na ukimya wetu. Anakuja kwangu, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi, anauliza afya yangu, anaaga. Nikimpigia simu kumweleza kasoro hii au ile, jibu lake ni "Sawa, mama." Basi. Moyoni nimempa jina: Bi Barafu.

Na leo Bi Barafu ndiye aliyenivua gauni na kunivalisha shuka ya hospitali.

Jumamosi, 4 Aprili

Wamenipasua. Chuma kimo. Kinywa kikavu kama gunia.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimewekwa kitanda cha mlangoni, mkabala na choo. Kila anayetoka chooni anaubamiza mlango, na kila ukibamizwa chuma changu kinaitika. Kule dirishani kuna vitanda viwili vitupu. Nilimkazia macho mkwe wangu. Akasema, "Mama, hapa ni karibu na meza ya manesi. Wote waliotoka kupasuliwa huanzia hapa." Alisema kwa sauti ile ile anayowapa wengine wote. Hata hiyo "mama" ni mama ya wodi nzima, si yangu.

Kitanda cha pili yumo mwanamke mmoja wa makamo, fundi wa kupaka rangi nyumba. Ngazi ilimtupa, akavunjika mguu na mkono. Wote wanamwita Fundi Rangi. Siku nzima anautazama ukuta na kuusikitikia. "Waliopaka hapa, shangazi, walikuwa wanawahi wapi?"

Kisha akaniinamia. "Ni kweli sista ni mkwe wako?"

"Ni kweli."

"Na amekuweka chooni?"

"Ameniweka chooni."

Alicheka hadi akaushika mkono wake wenye plasta. "Huyo ni mtu wa haki! Angekupeleka dirishani tungemsema mpaka tupone."

Mimi sikucheka.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Chai imefika baridi.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Chai baridi tena, na utando juu yake.

Leo niandike kuhusu raundi ya asubuhi, maana ni tamthilia. Daktari wa wodi ni kijana mwembamba ambaye nimemwita Daktari Mbio. Anaingia kama anafukuzwa. "Hujambo mama? Vizuri. Hujambo mama? Vizuri." Hiyo "vizuri" anaisema yeye kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Mkwe wangu anamfuata nyuma, anauliza habari ya maumivu, habari ya usingizi, habari ya chakula. Wote wanajibu, "Nzuri." Anaandika. Wanatoka.

Mimi nilikuwa opareta wa simu, enzi zile ambapo huwezi kuzungumza na mtu wa mji mwingine bila kupitia mikononi mwangu. Sura za watu sikuzijua, nilijua sauti. Nilimjua aliyefiwa kabla hajasema, na nilimjua anayempigia mke akitoka kumpigia mwingine. Basi leo nililala pale mlangoni nikisikiliza "nzuri" moja baada ya nyingine, na naapa hakukuwa na moja iliyokuwa nzuri. Fundi Rangi aliitoa yake kwa sauti ya mtu anayeomba laini isikatike.

Mlango ulipofungwa tu, wodi ikafunguka. Mkono unawasha ndani ya plasta. Bedpani, ile ya kujisaidia kitandani, imechelewa mpaka aibu. Bibi wa kitanda cha kona hajui atapasuliwa lini, kila siku anazuiwa kula kwa ajili ya upasuaji kisha anaambiwa kesho. Mwingine haelewi vidonge vyake vyeupe ni vya nini.

"Sasa mbona hamkusema?" nikauliza.

Fundi Rangi akanitazama kama anamtazama mtoto. "Shangazi, nani anataka kuitwa msumbufu? Hawa ndio wenye sindano." Kisha akanigeuzia: "Na wewe je? Si umesema nzuri kama sisi?"

Nilisema nzuri. Mimi, ambaye nimewahi kuipigia simu redio kuwaambia saa yao iko nyuma! Nikifungua mdomo humu, manesi watasema: tazama, hata mama mkwe wake hawezi kumridhisha. Siwezi kumvunjia heshima mbele ya watu wake. Barafu au si barafu, ni mke wa mwanangu.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimesimama! Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye kila mtu anamwita Kocha, amenishikisha fremu ya kutembelea na kunipeleka hadi mwisho wa kitanda. Wodi nzima ikapiga makofi. Nikainama kama mwanamuziki, nusura nianguke.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua imeipiga paa mchana kutwa, huwezi kusikia hata redio ya manesi. Kwa kuwa sina la kusikiliza, nimetazama.

Nimemtazama mkwe wangu akimfundisha nesi mwanafunzi. Binti alikuwa anamgeuza bibi wa kona na kumwambia, "Tulia, tulia." Mkwe wangu akamsimamisha. "Usimwambie atulie. Mwambie unataka kufanya nini, atatulia mwenyewe." Akainama hadi uso wake ukawa sawa na wa bibi. "Bibi, nakugeuza upande wa dirisha. Nikihesabu hadi tatu utaumia kidogo, kisha basi." Bibi akasema, "Kwani unajua kuhesabu?" Mkwe wangu akacheka. Kicheko kinene, cha tumboni, cha mtu wa sokoni. Tangu aolewe sijawahi kukisikia. Nilidhani hana.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Mguu unavuta kidogo kwenye kigimbi. Raundi: nzuri.

Jumanne, 14 Aprili

Chai baridi. Mguu unavuta. Raundi: nzuri.

Jumatano, 15 Aprili

Kocha alitaka nifike mlangoni, nikamwambia nimechoka. Akanitazama sana. Ni mguu. Umekuwa mzito na wa moto, kama umejazwa uji. Fundi Rangi ameuona nilipofunua shuka, akataka kumwita nesi. Nimemwapisha kwa rangi zake zote asiseme. Wodi ina wagonjwa wapya wawili, manesi wanakimbia huku na huku, na mkwe wangu jana aliondoka na viatu mkononi. Mguu uliovunjika lazima uume. Utapoa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nzuri.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo naandika mengi, mkono ukichoka nitapumzika.

Mvua ya tangu juzi imefunika daraja. Manesi wa zamu ya asubuhi wamekwama ng'ambo, wodini alikuwepo mkwe wangu na yule mwanafunzi tu. Mkwe wangu akakunja mikono ya sare, akavaa aproni, akaanza kuwaogesha wagonjwa mwenyewe, kitanda kwa kitanda. Nikaona beseni linanijia. Nikavuta shuka hadi kidevuni.

"Nitawasubiri wale wengine," nikasema.

"Daraja halipitiki, mama."

"Basi nitaoga kesho."

"Mama."

Hakuna mtu duniani anayetamani kuogeshwa na mkwe wake. Akavuta pazia, nikafumba macho, nikajiambia nisipomwona na yeye hanioni. Lakini maji yalikuwa ya moto, na kila alichotaka kufanya alikisema kwanza. "Sasa naosha mkono wa kulia. Sasa naufunika. Sasa mgongo." Hakuna sehemu iliyokaa wazi zaidi ya ilivyohitajika. Nikaanza kulegea. Nikafikiri, huyu mtoto ana mikono mizuri, mbona nyumbani ananipa vidole tu?

Alipofika mguuni mikono ikasimama.

"Huu mguu umevimba tangu lini?"

"Umevimba? Labda umenenepa."

"Unauma?"

"Nzuri."

"Mama, sikuuliza habari. Nimeuliza, unauma?"

"Kidogo."

Akabonyeza kigimbi, taratibu tu. Niliyoyasema sitayaandika. Na kutoka ng'ambo ya pazia sauti ya Fundi Rangi ikapasua wodi: "Unamuuma tangu Jumatatu, sista! Ameniapisha!"

Mkwe wangu hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, ikawa ya haraka. Hiyo naijua, ni sauti ya mtu anayeomba laini ya dharura. "Mama, usisimame. Usiushushe mguu. Usiusugue hata kidogo. Ukisikia kifua kinabana, niite hapo hapo." Akamtuma mwanafunzi, na Daktari Mbio akaja mbio, na leo mbio zake zilikuwa na maana. Wakanisukuma kwenda kupigwa picha ya mshipa. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mguu. Daktari alinieleza yeye mwenyewe, akihema: kipande kikikatika kinapanda hadi mapafuni, na hapo hakuna tena wa kumuuliza habari. Wakanidunga sindano ya tumboni ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Nitadungwa kila siku.

Niliogopa. Naandika wazi: niliogopa hadi meno yakagongana. Nilifikiri nitakufa kwa ajili ya adabu.

Alasiri mkwe wangu akaja. Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo yeye mwenyewe amewakataza watu wote.

"Kwa nini hukusema?"

"Sikutaka waseme sista hajui kumtunza hata mama mkwe wake."

Akatazama mikono yake. Halafu akasema, "Mama, wewe ulinipigia simu kuniambia mapazia yangu ni mafupi."

"Ni mafupi."

"Ulinipigia kuniambia mwanao amekonda. Ulinipigia kuniambia nacheka kidogo mno. Sasa mtu kama wewe, ukifika hapa unaniambia 'nzuri' kila asubuhi, na mimi naandika nzuri. Hawa wengine wasionijua wananificha mambo gani? Nilikuwa najivunia. Nilidhani wodi yangu haina malalamiko kwa sababu ni nzuri."

Machozi yakamtoka. Nikatafuta leso, sina. Nikamwinulia ncha ya shuka ajifutie.

"Hapana, mama," akasema huku analia. "Hiyo ni ya wodi."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka hadi Fundi Rangi akauliza kwa sauti kama kuna mtu wa kumsogeza na yeye asikie.

Jumapili, 19 Aprili

Mguu umepungua. Mwanangu amepiga simu kutoka njiani, amenigombeza kama mimi ndiye mtoto. Nimemwacha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kwanza.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo raundi haikuwa raundi. Mkwe wangu alisimama katikati ya wodi, Daktari Mbio ubavuni, akasema, "Kina mama, kuanzia leo sitauliza habari, maana mmezoea kujibu nzuri. Nitauliza hivi: tangu jana, ni kitu gani kimekukera? Kila mtu atanipa kimoja. Hakuna atakayeonekana msumbufu. Asiyesema ndiye atakayenisumbua."

Mvua tu juu ya paa. Wagonjwa wakayatazama mablanketi yao kama wanayasoma. Mkwe wangu hakuniangalia, lakini nilijua ananisubiri mimi. Nikakohoa.

"Mlango wa choo," nikasema. "Ukibamizwa, mfupa wangu unasalimia. Na chai inafika baridi. Na huyu daktari, Mungu ambariki, anapita hapa kama ameacha chungu jikoni."

Daktari akainamisha kichwa. Fundi Rangi akanyanyua mkono wa plasta: "Unawasha humu ndani, nimeshaukuna kwa kijiko!" Bibi wa kona akasema hajui siku yake ya kupasuliwa na amechoka kukaa na njaa bure. Wa vidonge vyeupe akauliza vidonge vyeupe. Baada ya hapo ilikuwa mafuriko. Mto mgumu. Anayekoroma. Bedpani ya baridi kama jiwe la mtoni. Mmoja akalalamika kuhusu mumewe, mkwe wangu akamwambia, "Huyo hayupo idara yetu, mama," lakini alimsikiliza.

Raundi ilichukua asubuhi nzima. Daktari alitoka ameloa jasho.

Jumanne, 21 Aprili

Bibi wa kona ameambiwa siku yake: Alhamisi, na amepewa sababu ya kucheleweshwa. Amekula vizuri.

Alhamisi, 23 Aprili

Seremala wa hospitali amegongomea kipande cha mpira wa tairi kwenye mlango wa choo. Sasa unafunga kwa sauti ya mtu anayebusu shavu. Chai nayo imekuja ya moto! Kumbe kila siku kigari cha chai kilianzia wodi ya wanaume, sisi tukawa wa mwisho. Sasa ni kwa zamu. Wanaume wamenuna.

Daktari Mbio amepewa stuli na kuamriwa akae kwa kila mgonjwa. Alipofika kwangu alikaa kama mtu aliyeketi juu ya miiba. Nikamuuliza anakimbia nini. Akatazama mlangoni, akaniinamia. "Naogopa kuulizwa nisichokijua, mama. Nina mwaka mmoja tu kazini."

"Hata sisi hatujui. Hapo tuko sawa."

Akacheka, akakaa vizuri, akanieleza dawa yangu ya damu mpaka nikaielewa.

Bibi wa kona amepasuliwa salama. Ameamka akiuliza nani amekula chakula chake.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimetembea hadi mlangoni na kurudi. Kocha anasema wiki ijayo ngazi.

Jumatatu, 27 Aprili

Metroni, mkuu wa manesi wote, ameingia leo. Ni mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na wasiwasi mwingi. Alhamisi wanakuja wakaguzi wa ubora, wanaopita hospitali zote kuuliza wagonjwa wanahudumiwaje. Metroni akatuzungukia: "Mkiulizwa, kina mama, semeni vizuri. Mnasikia? Vizuri."

Kitanda cha mlangoni kina faida yake. Nimewasikia wakizungumza mezani.

"Metroni, siwezi kuwaambia wanyamaze tena," mkwe wangu akasema.

"Wodi nyingine zote zitasema vizuri. Ya kwako peke yake itaonekana mbovu."

"Basi ionekane."

"Wakikushusha? Wakikuhamishia stoo ya vifaa ukahesabu glovu mpaka ustaafu?"

Nikasikia akisukuma kigari cha dawa, akaenda zake.

Jumanne, 28 Aprili

Sikulala vizuri. Nikisema kweli mbele ya wakaguzi, huenda nikamharibia kazi mtu aliyeniokoa. Nikisema nzuri, nimerudi palepale. Alipokuja na sindano nikamuuliza afadhali niseme nini.

"Sema ulichokiona, mama."

"Na stoo?"

"Glovu hazina kelele," akasema. Lakini mkono uliokuwa na sindano ulikawia kidogo.

Jumatano, 29 Aprili

Wanapaka rangi ukumbi hadi ukuta wa mlangoni kwetu, kwa ajili ya wageni. Fundi Rangi amewashauri kutoka kitandani mpaka wamefunga mlango.

Alhamisi, 30 Aprili

Wamekuja. Mwanamke mrefu mwenye miwani na mwanamume anayebeba mkoba wake. Metroni nyuma yao, akitutolea macho. Mkwe wangu alisimama kando ya meza, mikono nyuma, kama anasubiri hukumu.

Mwenye miwani akaanzia mlangoni, yaani kwangu. Akavuta ile stuli, akakaa. "Shikamoo, mama. Huduma ya hapa ikoje?"

Metroni akaitikia kwa kichwa kabla sijasema neno.

"Marahaba, mwanangu. Nilikaribia kufa katika kitanda hiki."

Metroni akashika ukuta. Rangi ilikuwa mbichi.

"Damu iliganda mguuni mwangu," nikaendelea, "na siku nne nilisema nzuri, kwa sababu humu ndani kila mtu anasema nzuri. Hakuna aliyenikataza kusema. Ni desturi tu, kama kuvua viatu mlangoni. Sista yule pale ndiye aliyeuona mguu wangu akiniogesha kwa mikono yake. Tangu siku hiyo hatuulizwi habari, tunaulizwa tumekerwa na nini. Ukitaka nikutajie mabaya, yapo: paa la stoo linavuja, bedpani hazitoshi, na usiku nesi ni mmoja kwa sisi wote. Ukitaka nikutajie yaliyorekebishwa, kaa vizuri, maana ni marefu."

Akakaa vizuri. Nikamweleza mlango, chai, daktari na stuli. Fundi Rangi akadakia, bibi wa kona akadakia, ikawa kama siku ile ya mafuriko. Daktari Mbio mwenyewe akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema, "Na mimi nilikuwa nakimbia. Sasa nakaa."

Mwenye miwani aligeuka. "Mama, yule sista ni nani wako? Unamtaja kwa namna yake."

Hapo ningeweza kusema mkwe. Ulimi ukaenda wenyewe. "Mwanangu."

Sikumtazama. Lakini nilisikia, kule mezani, mtu akipenga kamasi kwa nguvu.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua inaanza kuchoka. Hakuna habari ya wakaguzi. Mkwe wangu anafanya kazi kama kawaida, ila leo amefunga aproni kinyume.

Jumanne, 5 Mei

Majibu yametoka. Cheti cha wodi bora wamepewa wanaume! Wale wale wa chai. Fundi Rangi amesusa uji.

Ila Daktari Mbio amekuja na yaliyosemwa kikaoni. Wakaguzi waliuliza, hospitali hii wagonjwa wake ni malaika, mbona wodi zote hawana neno isipokuwa moja? Wameagiza bedpani mpya na nesi wa pili wa usiku. Na wameomba sista wa mifupa azunguke wodi nyingine akawafundishe kuuliza. Ikiwemo ya wanaume. Stoo itamsubiri sana.

Mchana Metroni akaingia. Akasimama katikati yetu, akavuta pumzi kama anayemeza dawa chungu. "Haya, kina mama. Tangu jana, ni kitu gani kimewakera?"

Fundi Rangi akasema, "Wewe, Metroni."

Nilidhani jengo litaanguka. Metroni alimtazama, akatutazama sote, mashavu yakaanza kumtetemeka, kisha akaangua kicheko akakosa pa kushika. Akavuta stuli. "Nieleze," akamwambia. Fundi Rangi akamweleza. Alianzia kwenye rangi ya ukumbi.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeruhusiwa. Nimepanda na kushuka ngazi tatu, Kocha akihesabu. Fundi Rangi amebaki na wiki moja, ameniambia akipona atanipakia nyumba, rangi atachagua yeye. Nilipoaga, bibi wa kona alisema mlangoni kutakuwa kimya mno. Hilo nimelichukua kama sifa.

Jumapili, 10 Mei

Niko nyumbani kwao. Jua limewaka tangu asubuhi, ua umejaa mablanketi yaliyoanikwa, na sisi tumegombana.

Nilimwambia kesho narudi kwangu. Akasema sirudi. Nikasema nyumba yangu itaota ukungu. Akasema acha iote, mimi nina kibaraza cha kuniua na dawa ya damu ya miezi mitatu, na hakuna wa kunitazama mguu. Nikasema mimi si mgonjwa wake tena. Akaweka sufuria chini kwa kishindo.

"Ndiyo, si mgonjwa wangu! Ungekuwa mgonjwa ningekuandikia ruhusa uende. Wewe ni mama yangu na huendi popote mpaka utembee bila fremu!"

"Unanipigia kelele?"

"Nakupigia!"

"Nyumba yako ina joto!"

"Fungua dirisha!"

Sauti zetu zilifika hadi kwa majirani, maana mmoja alichungulia juu ya ukuta kisha akajifanya anaanua nguo. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeegemea fremu, nikimnyooshea kidole, na yeye mikono kiunoni, uso umemwiva. Nimesikiliza sauti nyingi maishani mwangu. Katika ile yake hakukuwa na woga hata tone. Nikajikuta nimefurahi kiasi kwamba nilisahau ninachogombania.

Ndipo simu ikalia. Mwanangu, kutoka barabarani. Mkwe wangu akaiweka sauti ya juu.

"Mbona mnapiga kelele?" akauliza kwa hofu. "Mama? Kuna nini? Mnagombana?"

"Ndiyo!" tukajibu pamoja. "Usituingilie!"

Akakata. Mke wake akafungua dirisha, akanisogezea kiti, tukaendelea.